Wasiwasi Usiokwisha (Sehemu ya Pili): Kinachoulisha Moyoni

Wiki iliyopita tulieleza dalili za ugonjwa wa wasiwasi wa jumla: mawazo yasiyozuilika kwa miezi 6 au zaidi, usingizi wa mang'amung'amu, uchovu na misuli iliyokaza. Leo tuulize: kwa nini hauishi?

Kwanza, mgonjwa hawezi kustahimili kutojua. Michel Dugas na wenzake nchini Kanada wameueleza udhaifu huu kuwa kiini cha maradhi. Mfikirie mama ambaye mwanawe amepanda basi kwenda Mwanza. Simu isipopokelewa, kwake basi limeshapinduka. Kijana akipiga kusema amefika salama, mama anashusha pumzi, lakini kabla ya kulala ameshaanza kuwaza mwenyeji wake ni mtu wa namna gani. Kila simu humtuliza kwa muda, na papo hapo humnyima nafasi ya kugundua kwamba angeweza kusubiri bila kujua na asidhurike.

Pili, mgonjwa huuamini wasiwasi. Mwaka 1995 Adrian Wells wa Uingereza alieleza kwamba wengi huuona kuwa kinga: nisipowaza mimi, nani atawawazia watoto hawa? Kwa kuwa mengi tunayoyaogopa hayatokei, wasiwasi hupewa sifa ya kuyazuia. Baadaye imani hugeuka. Mtu huanza kuyaogopa mawazo yenyewe, akidhani yatamtia wazimu, na hapo anakuwa na wasiwasi juu ya wasiwasi.

Tatu, wasiwasi ni njia ya kukwepa. Thomas Borkovec wa Marekani aligundua kwamba wenye wasiwasi hujisemea maneno zaidi kuliko kuona picha akilini. Maneno hayo hupunguza makali ya picha ya kutisha, mwili ukapata nafuu kidogo. Lakini hofu isiyotazamwa usoni haipungui.

Ndiyo maana kumwambia mgonjwa "acha mawazo" hakumsaidii, na kumlaumu kwamba ana imani haba ni kumwongezea mzigo. Wala tusidai kwamba kila wasiwasi ni ugonjwa. Mwenye deni la ada ya shule ana shida ya kweli, nayo inahitaji hatua: kuzungumza na mwalimu mkuu, kupanga malipo. Kinachotesa bure ni maswali ya "je, ikiwa..." yasiyo na hatua ya kuchukua.

Kwa maswali hayo, Borkovec na wenzake walipendekeza mwaka 1983 kutenga nusu saa kila siku, mahali palepale, ya kuwaza tu. Wazo likija nje ya muda huo, liahirishwe. Anayefanya hivyo hujionea kwamba wasiwasi si bwana wake.

Wiki ijayo tutaeleza tiba za kitaalamu. Lakini anayewaza kujiua asiisubiri makala hiyo. Aende hospitali leo, na asiende peke yake.