WATOTO NA WAPEWE NAFASI YA KUJENGA HOJA KATIKA HISABATI

Katika shule zetu nyingi hisabati ni somo la kimya. Mwalimu huandika ubaoni, watoto hunakili, madaftari hukusanywa, na alama ya vema au ya kosa hutiwa kwa wino mwekundu. Mtoto aliyepata haulizwi amepataje. Aliyekosa haulizwi alikuwa akifikiri nini. Sisi twaona kimya hicho kinatugharimu, na gharama yake hudhihirika kila yanapotangazwa matokeo ya kidato cha nne, ambamo hisabati kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa masomo yenye ufaulu wa chini kabisa.

Kujenga hoja si kubishana kwa kelele. Ni mtoto kusema jambo analoliona kuwa kweli, kulitolea sababu, na kukubali sababu hiyo ipimwe na wenzake. Hebu tulifikirie darasa la nne katika kata ya Nyamiaga, wilayani Ngara. Mwalimu anauliza: ukijumlisha namba witiri mbili, jibu huwa witiri au shufwa? Watoto watajaribu: 3 na 5 ni 8, 7 na 9 ni 16. Watasema ni shufwa, na somo lingeweza kuishia hapo. Lakini mwalimu atakaye hoja ataongeza swali moja: "Mnajuaje kwamba itakuwa hivyo daima, hata kwa namba tusizozijaribu?"

Hapo ndipo kazi inapoanza. Atatokea mtoto atakayepanga punje za maharage mbili mbili juu ya dawati, aone kwamba kila namba witiri hubakiza punje moja isiyo na mwenzake. Kisha atazisogeza punje mbili zilizobaki, nazo ziwe jozi. Mtoto huyo hakukariri kanuni. Ameithibitisha kwa namba witiri zote, kwa kiganja kimoja cha maharage.

Sasa tuvuke maji twende visiwani, Bumbire au Ikuza, wilayani Muleba. Mtoto ameandika kwamba 1/2 kujumlisha 1/3 ni 2/5. Kosa hili ni la kale na lipo duniani kote. Mwalimu mwenye haraka atalikata kwa wino. Mwenye subira atauliza: "Ndoo ina dagaa nusu. Ukiongeza dagaa wa theluthi ya ndoo, je, watabaki nusu, watazidi, au watapungua?" Mtoto wa mvuvi hahitaji kitabu ili kujibu: watazidi. Basi mbona 2/5 ni pungufu ya nusu? Hapo mtoto atalikataa jibu lake mwenyewe kwa sababu ameona halisimami, wala si kwa kuogopa fimbo. Kisha darasa litaigawa ndoo katika sehemu 6: nusu ni sehemu 3, theluthi ni sehemu 2, jumla ni 5/6. Somo hilo halisahauliki.

Wapo watakaosema kwamba watoto wakiachwa waulize, heshima ya mwalimu itapungua. Twawakumbusha habari za Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Magamba, Lushoto, aliona maziwa ya moto aliyoyatia katika jokofu yameganda kabla ya yale ya mwenzake yasiyochemshwa. Alipouliza aliambiwa amechanganyikiwa, na baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alipokosea hesabu alidhihakiwa kwamba hiyo ni hisabati ya Mpemba. Hakunyamaza. Akiwa huko huko Mkwawa alimwuliza Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wenzake walicheka, lakini mgeni yule aliamua jambo lile lijaribiwe. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha habari zake, na hata leo wataalamu wanaendelea kulijadili. Osborne hakupungukiwa heshima kwa kulipokea swali la mwanafunzi; heshima yake iliongezeka. Wahenga walisema kuuliza si ujinga.

Wala jambo hili si geni katika siasa ya elimu ya nchi yetu. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka shule zimjengee mwananchi akili ya kudadisi. Lakini nia njema pekee haitoshi. Mwaka 2012 mtihani wa darasa la saba ulipoanza kusahihishwa kwa mashine, hata hisabati ikawa ya kuchagua herufi. Baadaye maswali machache ya kuonyesha njia yalirejeshwa. Mwalimu hufundisha kile kitakachopimwa. Mtihani usipouliza sababu, darasani nako sababu haitatafutwa.

Kwa hiyo tunasema hivi. Walimu wetu wasilaumiwe, wasaidiwe. Mwenye watoto wengi katika chumba kimoja hawezi kusikiliza hoja ya kila mmoja, lakini aweza kutenga swali moja kwa juma, watoto walijadili wawili wawili kabla ya kusema mbele ya wote. Serikali imekwisha kuweka utaratibu wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, ambamo walimu hukutana shuleni mwao katika jumuiya za kujifunza. Vikao hivyo visiwe vya kujaza fomu. Kila mwalimu aje na kosa moja la mtoto, nao washauriane ni swali gani lingemfikisha mtoto huyo kwenye ukweli.

Maafisa elimu na wathibiti ubora nao, wanapozuru shule, wasihesabu kurasa zilizomalizwa tu. Wakae nyuma ya darasa wasikilize ni mara ngapi mwalimu ameuliza "kwa nini", na ni mara ngapi amengoja jibu. Na shule za visiwani, ambako afisa hufika kwa chombo na kwa nadra, zisiachwe za mwisho.

Mtoto anayeweza kutetea 5/6 yake kwa hoja leo ndiye kesho atakayesimama mbele ya mizani ya mnunuzi wa kahawa au wa dagaa, aulize hesabu imetoka wapi, wala asirudishwe nyumbani kwa maneno matupu. Huyo ndiye raia tunayemtaka.