Springi hubeba, shokapu hutuliza

Juma hili naijibu barua ya kijana mmoja wa Sinza, Dar es Salaam. Amenunua Subaru Impreza ya mwaka 1998, ile ya umbo la kwanza, yenye injini ya turbo. Anasema injini haina tatizo, bali gari likivuka tuta linaendelea kudunda mara mbili tatu kabla ya kutulia. Akikanyaga breki pua inainama, na kwenye kona mkewe hushika mpini wa mlango. Fundi wa kwanza amemshauri akate springi pete moja ili gari likae chini na "lishike barabara". Fundi wa pili amemletea shokapu za mtumba kutoka Japani, zile zenye nyuzi za kupandisha na kushusha gari. Fedha alizonazo zinatosha jambo moja tu kwa sasa, na kila mwisho wa mwezi huwapeleka watoto Morogoro kwa bibi yao. Anauliza aanze na lipi.

Kwanza tuelewane kazi ya kila kifaa, maana hapa ndipo wengi hupotea. Springi kazi yake ni kubeba uzito wa gari. Gurudumu likipanda jiwe, springi hubanwa na kuweka ndani yake nguvu ya ule mshtuko, kisha huirudisha. Ikiachwa peke yake itaendelea kurudisha na kupokea, gari likapanda na kushuka kama mtumbwi kwenye mawimbi. Shokapu haibebi gari. Ndani yake mna pistoni inayosukuma oili kupitia vitundu vidogo, na kwa kufanya hivyo nguvu ile hugeuka joto. Ndiyo maana ukigusa shokapu nzima baada ya safari ndefu ya barabara mbovu utaikuta ya moto. Ile iliyobaki baridi kuliko mwenzake huenda imekwisha kufa.

Basi gari la kijana wetu linalodunda baada ya tuta halilalamikii springi. Linalalamikia shokapu. Akikata springi atakuwa amemtibu mgonjwa wa macho kwa kumng'oa jino.

Na hiyo kukata springi naomba niizungumze kwa kirefu, kwa sababu imezoeleka mno katika gereji zetu. Springi ya koili yenye pete 6 zinazofanya kazi, ukikata moja zikabaki 5, ugumu wake huongezeka kwa asilimia 20. Wengine hudhani inalainika. La, inakuwa ngumu zaidi. Hilo lingevumilika. Ubaya ni mambo mawili yanayofuata. La kwanza, ncha iliyokatwa haikai sawasawa kwenye kitako chake, na gari likirushwa juu springi inaweza kulegea na kutoka mahali pake. La pili, gari limeshuka lakini shokapu ni ile ile ya urefu wa kiwandani, kwa hiyo nafasi iliyobaki kabla ya kugonga ile raba ya kuzuia ni ndogo.

Tufanye hesabu. Tuseme springi ya nyuma hubonyea milimita 1 kwa kila kilo 2, na abiria na mizigo ya safari ya Morogoro wameongeza kilo 80 juu ya kila gurudumu la nyuma. Gari litashuka milimita 40. Kama lilikuwa limekwisha kushushwa milimita 40 nyingine, umemaliza milimita 80 za safari ya shokapu kabla hujatoka Kimara. Tuta la kwanza, raba inagonga. Raba ikigonga katikati ya kona yenye maji, ugumu wa gurudumu lile hupanda ghafla, tairi hupoteza mshiko, na gari hugeuka bila idhini ya dereva. Hapo ndipo watu husema gari lilikuwa na shetani.

Kuna jambo jingine kuhusu kushusha gari ambalo hata mafundi wazuri hulisahau. Impreza ile ina mtindo wa nguzo ya shokapu na springi pamoja kwenye magurudumu yote manne. Mbele, mkono wa chini ukishushiwa gari kupita kiasi, huacha kulala na kuanza kuelekea juu upande wa gurudumu. Hilo likitokea, ile nukta ambayo bodi hulalia inapokata kona hushuka haraka kuliko uzito wenyewe ulivyoshuka. Matokeo yake gari la chini linaweza kutaka kulala zaidi kuliko lilipokuwa juu, na mwenye gari hulazimika kununua springi ngumu zaidi kurekebisha tatizo alilolinunua mwenyewe. Mimi nasema milimita 20 zinatosha kwa mtu anayepita matuta ya Mikumi, na asiyeshusha hata moja hana cha kujutia. Wanaopenda kuiga magari ya mashindano wakumbuke kwamba Impreza aliyoiendesha Colin McRae akashinda Safari Rally ya mwaka 1997 nchini Kenya ilikuwa imeinuliwa, haikuwa inafagia ardhi.

Sasa zile shokapu za mtumba zenye nyuzi. Sizidharau, zikiwa mpya na zikichaguliwa vizuri ni kitu kizuri. Lakini si ajabu kukuta zimefungwa springi za kilo 8 au 10 kwa milimita, kwa ajili ya viwanja vya mbio vyenye lami laini kama meza. Kwenye barabara ya vumbi yenye migongo kama bati, gurudumu haliwezi kuifuata ardhi. Linarukaruka juu juu. Tena wauzaji huwaambia vijana kwamba ukizungusha ile pete springi inakuwa ngumu au laini. Si kweli. Kwa springi ya kawaida, pete hubadili kimo cha gari tu. Ugumu unatokana na unene wa waya, upana wa koili na idadi ya pete, na unene wa waya ndio wenye nguvu kuliko yote. Waya wa milimita 12 ukibadilishwa kwa wa milimita 13, mengine yakibaki vile vile, springi huwa ngumu zaidi kwa karibu asilimia 38. Milimita moja tu! Kwa hiyo usinunue springi kwa rangi yake. Na shokapu ya mtumba yenye alama ya oili kwenye sili, iache huko huko dukani.

Upande wa shokapu mpya, chaguo ni kati ya aina mbili. Ya mirija miwili, ambayo ndiyo iliyo katika magari mengi, ni ya bei nafuu na laini, lakini ikifanyishwa kazi ngumu kwa muda mrefu oili huchanganyika na hewa au gesi, ikatoa povu na shokapu ikalegea. Ya mrija mmoja ina gesi yenye shinikizo kubwa iliyotengwa na oili kwa pistoni inayoelea, na joto lake hutoka moja kwa moja kwenye ukuta wa nje. Kampuni ya Bilstein ya Ujerumani iliisambaza aina hiyo tangu miaka ya 1950. Udhaifu wake ni kwamba jiwe likibonyeza mrija, pistoni hukwama, na bei yake huuma. Koni wa Uholanzi wanajulikana kwa shokapu unazoweza kukaza kadiri zinavyozeeka. Kayaba wa Japani wanatengeneza zile zinazofanana na za kiwandani, na kwa matumizi ya mjini na safari za mwisho wa mwezi, shokapu za namna hiyo zinamtosha kijana wetu kabisa.

Zile zinazokazwa zina mtego wake. Nyingi hukaza zaidi upande wa kurefuka, yaani springi inaporudi. Mwenye gari hukaza hadi mwisho, akaona gari limetulia mjini, akafurahi. Akifika barabara yenye migongo mfululizo, gurudumu halipati muda wa kurudi chini kabla ya mgongo unaofuata, na gari linazidi kuzama mpaka linalalia raba. Kaza kidogo kidogo, jaribu barabara ile ile, usimame pale gari linapoacha kudunda. Kwa hesabu, springi ikiongezwa ugumu kwa asilimia 40, shokapu inahitaji nyongeza ya karibu asilimia 18 tu ili kuituliza kama mwanzo.

Jibu langu kwa kijana wa Sinza, basi, ni hili. Kabla ya kununua chochote, apeleke gari kwenye shimo likaguliwe bushi za mikono, boljointi na zile raba za juu ya nguzo. Gari la zaidi ya miaka 25 huwa na raba zilizokufa, na shokapu mpya juu ya raba iliyokufa hugonga kama mlango mbovu. Fedha zikibaki, anunue shokapu 4 za aina ya kiwandani. Zikitosha 2 tu, ziwe za ekseli moja, kushoto na kulia, kamwe asichanganye mpya na kuukuu upande kwa upande. Springi zake azipime kimo kila upande. Kama hazijavunjika wala kulegea, azirudishe. Springi ngumu kwa asilimia 20 au 30 anaweza kuzifikiria mwakani.

Fundi asifungue ile nati ya juu kabla ya kuibana springi kwa kifaa chake maalumu. Springi iliyobanwa ikifyatuka inaweza kuvunja taya au kuua, na kamba ya katani si kifaa. Bolti za bushi zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa uzito wake chini. Zikikazwa likiwa juu ya jeki, raba hubaki zimejisokota na hupasuka mapema. Halafu gari liende kupimwa magurudumu, kwa sababu kwenye Impreza ile bolti ya juu inayoshika nguzo ya mbele ndiyo pia huamua mwinamo wa tairi, na ikirudishwa kwa kukisia tu, tairi mpya italika upande mmoja.

Safari ya kwanza asiende Morogoro. Aendeshe mjini siku chache, kisha arudi gereji nati zote zikaguliwe tena.