Gurudumu Linalolia

Mwezi uliopita mama mmoja jirani yetu alizidiwa usiku, tukakodi pikapu, Toyota Hilux ya zamani, imfikishe hospitali ya Gihundwe. Njia nzima gurudumu la mbele la kushoto lilikuwa linalia: wuu, wuu, wuu. Tukikata kona ya kulia, linazidi. Dereva akasema eti ni tairi tu. Mama alipona, tunamshukuru Mungu, lakini sisi walimu wawili tuliokaa nyuma ile sauti hatukuisahau.

Jumamosi iliyofuata tukawapeleka vijana wanne wa darasa la jioni kwenye gereji moja ya Kamembe, wajionee kazi. Kumbe pikapu ni ile ile, imeinuliwa kwa jeki na kuwekewa stendi! Fundi, mzee wa makamo, akatukaribisha.

Ndani ya gurudumu la mbele la gari kama hilo kuna beringi mbili, kubwa ya ndani na ndogo ya nje. Nyuma ya ile ya ndani kuna sili, mpira wa duara unaozuia girisi isitoke na maji na vumbi visiingie. Sili ya gari hili ilikuwa imechanika. Girisi imetoka, imepaka mpaka pedi za breki. Tukatazamana. Ninyi mnaijua barabara ya kushuka Bugarama: Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na bonde la Bugarama liko chini ya mita 1,000. Kushuka huko na breki zenye girisi!

Fundi alifungua breki akazifunga kwa waya, zisining'inie kwa mpira wake wa mafuta. Akatoa kifuniko, pini na nati, akavuta habu yote. Beringi akaziosha kwa mafuta ya taa. Ile ya ndani vichuma vyake vilikuwa na vishimo, na vingine vimegeuka bluu kwa moto. Hapo haiponi, hubadilishwa pamoja na kikombe chake kilichobanwa ndani ya habu. Wengine huacha kikombe cha zamani ili kuokoa pesa, na beringi mpya haikawii kuharibika.

Girisi haipakwi juu juu kama mafuta ya mwilini. Unaiweka kiganjani, unaisukumiza kwa upande mpana wa beringi mpaka itokeze upande wa pili. Sili ya zamani hairudishwi hata ikionekana nzima. Mpya huingizwa mdomo wake ukielekea kwenye beringi, kwa kugongwa taratibu kuizunguka yote.

Ikabaki nati. Kijana wetu mmoja, mwenye nguvu kweli, akaomba aikaze. Akakaza mpaka mishipa ya shingo ikatoka.

"Sasa zungusha gurudumu," fundi akasema. Halikutaka.

"Papa, si imekaza vizuri?"

"Umeifunga jela, kijana wangu. Ikienda hivi itapata moto, itashika."

Vijana wetu wengi hudhani ufundi ni misuli. Fundi akailegeza nati, akaikaza kiasi huku akizungusha habu ili beringi zikae mahali pake, akailegeza tena, kisha akaikaza kwa vidole tu. Akashika tairi juu na chini, akalitikisa: halichezi. Akalisukuma: linazunguka lenyewe bila kelele. Ndipo akatia pini mpya. Pedi zilizolowa girisi zikatupwa.

Kijana yule aliomba arudie kazi upande wa kulia, na fundi akamwachia. Walipotoka kujaribu gari, walisimama baada ya kilomita chache wakagusa habu zote mbili. Zilikuwa na joto kidogo, la kuweka mkono bila kuuondoa. Fundi amemwambia arudi Jumatatu.