Kabla Hujatafuta Nyumba Ndogo, Mpime Presha

Miezi minne jamani! Miezi minne mume wangu akipanda kitandani anageukia ukutani, eti kachoka na kazi. Mimi ninayewashauri wenzangu mambo ya mapenzi kila mwezi nikaanza kupekua simu yake usiku wa manane. Sikukuta kitu, na hilo likanitia wazimu zaidi. Nikajua tu kafuta.

Siku nilipombana, akasema huku akiangalia chini: hakuna mwanamke, mwili ndio unamgomea. Sikuwa na la kujibu. Kesho yake tukaenda kwa daktari, na kabla hata ya maswali mengi akamfunga mkanda wa presha. 160 kwa 100. Mume wangu akabisha. Kichwa hakimuumi, kizunguzungu hana, mpira anacheza kila Jumamosi!

Daktari akachora mshipa wa ateri uliokatwa, kama bomba. Ukuta wake una tabaka tatu. La nje ni nyuzi ngumu zinazoushikilia usipasuke. La kati ni misuli na nyuzi zinazovutika kama mpira. Hapo ndipo mshipa unapobana na kuachia. La ndani, linaloguswa na damu, ni utando laini wenye unene wa seli moja tu. Utando huohuo umetandikwa ndani ya vyumba vya moyo na kuendelea hadi kwenye vishipa vidogo kabisa. Ukichubuka, husikii maumivu. Ndiyo maana bwana yule alikuwa anabisha.

Zamani utando huo ulionekana kama kitambaa cha kutandika tu. Mwaka 1980 Robert Furchgott wa Marekani alionyesha kwamba vipande vya mshipa wa sungura vikitiwa kemikali fulani vinalegea, lakini utando wa ndani ukikwanguliwa havilegei ng'o. Baadaye ikajulikana kwamba utando hutoa gesi, naitriki oksaidi, inayoiamuru misuli ya tabaka la kati ilegee ili damu ipite. Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 1998.

Sasa sikiliza, shoga. Mwanaume ili awe tayari kwa shughuli anaitegemea gesi hiyohiyo. Presha, sukari na sigara vikiuumiza utando, gesi inapungua na mshipa haufunguki vizuri. Na mishipa ya kule ni myembamba, milimita 1 hadi 2 hivi, wakati ile inayolisha moyo ni kama 3 hadi 4. Kwa hiyo kasoro inaweza kujitokeza chumbani miaka kadhaa kabla kifua hakijaanza kuuma. Si kila mara, maana msongo wa mawazo na baadhi ya dawa pia huleta hayo. (Na vile vidonge vya kununua kichochoroni, aachane navyo. Vikikutana na dawa za naitreti anazopewa mgonjwa wa moyo, presha inaweza kuporomoka hadi kuua.)

Tuliporudi baada ya miezi mitatu ya dawa, chumvi kidogo na sigara kutupwa, alisoma 132 kwa 84. Ya chumbani niachieni mwenyewe. Nilikuwa nimeshabeba mkoba wangu niondoke, daktari akanigeukia: "Na wewe mama, lete mkono."

148 kwa 94.