Kundi la Biashara Si Ukuta wa Matangazo

Tarehe 3 Mei 1978, Gary Thuerk, mtu wa masoko katika kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment Corporation, alituma ujumbe mmoja kwa watu wapatao 400 waliokuwa wakitumia ARPANET, mtandao wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani uliotangulia intaneti. Aliwaalika kwenda kuona kompyuta mpya za kampuni yake huko Los Angeles na San Mateo, California. Wasimamizi wa mtandao walimjia juu, wakamkanya asirudie. Hata hivyo, baadaye mwenyewe alisimulia kwamba ujumbe ule uliiletea kampuni mauzo ya mamilioni ya dola.

Kisa hicho kinatunyima jibu jepesi. Tangazo lisiloombwa linaweza kuuza, na kwa hiyo anayelibandika kila siku kwenye kundi la wafanyabiashara wenzake hawezi kuzuiwa kwa kuambiwa kuwa anajisumbua bure. La kumwambia ni kwamba faida anaichukua peke yake, na gharama anawaachia wenzake.

Gharama hiyo ilionekana wazi Aprili 1994. Mawakili wawili wa Arizona, Laurence Canter na Martha Siegel, walisambaza tangazo la kuwasaidia watu kuomba bahati nasibu ya viza za Marekani, ileile ambayo hata Afrika Mashariki wengi wamekuwa wakiijaza. Walilipeleka katika maelfu ya majukwaa ya Usenet, mtandao wa mijadala wa enzi hizo, yakiwemo yaliyohusu mambo yasiyokaribiana kabisa na uhamiaji. Tena walilituma upya katika kila jukwaa, hivyo msomaji wa majukwaa kumi alilikuta mara kumi. Malalamiko yalimiminika kwa wingi hadi mitambo ya kampuni iliyowauzia huduma ya intaneti ikazidiwa, na kampuni ikawakatia huduma. Wao hawakujuta. Mwaka uleule walitoa kitabu cha kuwafundisha wengine njia hiyo.

Leo tabia hiyo imehamia kwenye makundi ya WhatsApp ya wauza vipuri, wafugaji wa kuku, mafundi na mawakala wa forodha. Watu hujiunga ili waulizane bei ya chakula cha kuku, waonyane kuhusu mteja asiyelipa, waelekezane namna ya kutoa mzigo bandarini. Kisha linaingia tangazo la viwanja. Kesho yake linarudi na picha zilezile, bila bei, na maneno “njoo inboksi”.

Kundi la WhatsApp linaweza kuwa na watu hadi 1,024. Tuchukue kundi la watu 1,000, na tuseme kila mmoja anatumia sekunde tano kufungua tangazo na kulipita. Hizo ni sekunde 5,000, yaani zaidi ya saa moja na dakika ishirini za muda wa watu, kwa tangazo moja. Bado hatujahesabu bando linalokwenda kwenye picha na video, wala nafasi zinayojaza kwenye simu.

Hasara kubwa zaidi huja kimyakimya. Wanachama huzima sauti ya kundi. Swali la maana linaloulizwa asubuhi linafunikwa na mabango kabla ya saa sita, na aliyeuliza anabaki bila jibu. Wazoefu, ambao ndio wenye majibu na ndio wenye shughuli nyingi, huondoka mapema. Mwishowe wauzaji hubaki wakitangaziana wao kwa wao, na hata aliyedhani amefaidi hana tena mnunuzi wa kumsomea tangazo lake.

Lakini haki ina upande wa pili. Mfanyabiashara mdogo hana fedha za redio wala bango la barabarani. Simu ndiyo duka lake. Kurudia nako kuna sababu yake, kwani asiyehitaji bati leo huenda akaanza kuezeka mwezi ujao. Kumfunga mtu huyu mdomo kabisa ni kumwonea, na ni kulinyima kundi taarifa ambazo pengine lingezitaka.

Sheria haitatufikisha mbali. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 inagusa ujumbe usioombwa, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inadai ridhaa kabla ya kutumia taarifa za mtu kibiashara. Lakini aliyejiunga na kundi kwa hiari hawezi kukimbilia mahakamani kwa sababu mwenzake ametangaza godoro mara sita. Hapo kinachohitajika ni adabu iliyokubaliwa.

Mwanasayansi wa siasa Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2009, alichunguza jamii zinazotumia kwa pamoja malisho, misitu, maji ya umwagiliaji na maeneo ya uvuvi. Alionyesha kuwa mali ya pamoja haiharibiki kwa lazima. Hudumu pale watumiaji wanaposhiriki kutunga kanuni zao, wanapoangaliana, na mvunjaji anapopewa adhabu inayoanza ndogo na kupanda kadiri anavyorudia. Usikivu wa kundi nao ni mali ya pamoja, na kanuni zake hazihitaji hata ukurasa mzima. Itengwe siku moja ya matangazo kwa wiki. Kila mwanachama aweke tangazo moja, lenye bei na mahali bidhaa ilipo. Likirudi, lije na jambo jipya: bei imeshuka, mzigo mpya umeingia. Anayejibu swali la mwenzake aruhusiwe kutaja bidhaa yake siku yoyote, maana hapo ameombwa.

Mkosaji wa kwanza aonywe faraghani, kwa heshima, kwa kuwa kumwaibisha mtu mzima mbele ya wateja wake huzaa ugomvi mrefu kuliko kosa lenyewe. Akirudia, aonywe hadharani; akiendelea, aondolewe. Na kanuni hizo zimbane kwanza msimamizi wa kundi na jamaa zake. Makundi mengi yana kanuni nzuri zilizokufa siku msimamizi alipobandika tangazo lake mwenyewe Jumatano isiyo siku ya matangazo, wenzake wakanyamaza kwa kumwonea haya, na kufikia Ijumaa kila mtu akajiona ana haki ileile.