Video za Mozart kwa Watoto Wachanga: Je, Zinaongeza Akili?

Katika kliniki za watoto kote Kisii, kuanzia mjini hadi Ogembo, Suneka na Nyamache, si ajabu siku hizi kumwona mtoto wa miezi minane akitazama simu huku mama akisubiri zamu ya chanjo. Kwenye kioo kuna puto, samaki na nyota zinazoelea polepole, na nyuma yake unasikika muziki wa piano usio na maneno. Video za aina hii zimejaa YouTube. Nyingi hubeba jina la Mozart au Beethoven, na nyingi hudai kwamba zinakuza ubongo wa mtoto.

Wazazi hawana msimamo mmoja kuzihusu. Wapo wanaoamini kwa dhati kwamba mtoto anayezoea muziki huo atakuwa hodari wa hesabu shuleni, na wako tayari kununua bando kwa ajili yake. Wapo wasiojali sana habari ya akili: wanachotaka ni dakika ishirini za kufua nguo, kukama ng'ombe au kuhudumia wateja dukani, na simu imekuwa yaya asiyedai mshahara. Wengine, hasa akina nyanya, huuliza kwa nini mtoto wa Omogusii abembelezwe kwa piano ya Ulaya wakati nyumbani kuna nyimbo na kuna obokano, kinubi cha nyuzi nane.

Imani ya kwamba Mozart huongeza akili ina chanzo kinachojulikana. Mwaka 1993, Frances Rauscher na wenzake wa Chuo Kikuu cha California kule Irvine walichapisha ripoti fupi katika jarida la Nature. Waliwasikilizisha wanafunzi 36 muziki wa Mozart wa piano mbili kwa dakika 10, kisha wakawapa maswali ya kupima uwezo wa kuwazia maumbo. Wanafunzi walifanya vizuri zaidi kidogo kuliko walipokaa kimya au kusikiliza maelezo ya kuwatuliza, na faida hiyo ikaisha baada ya dakika 10 hadi 15 hivi. Hao walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu. Hakukuwa na mtoto mchanga hata mmoja katika utafiti ule.

Habari ilipotoka kwenye jarida na kuingia mitaani, ilibadilika. Mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia nchini Marekani, Zell Miller, aliomba dola 105,000 katika bajeti ili kila mtoto anayezaliwa apewe kanda ya muziki wa klasiki. Katika jimbo hilohilo, mama mmoja aliyewahi kuwa mwalimu, Julie Aigner-Clark, alikuwa ameanzisha video za Baby Einstein, zenye vitu vya kuchezea na muziki wa mabwana hao wa Ulaya. Kampuni ya Disney ilinunua biashara hiyo mwaka 2001. Mwaka 2009, baada ya malalamiko ya watetezi wa watoto kuhusu madai ya elimu, Disney ilikubali kuwarudishia fedha wazazi waliotaka kurudisha video hizo. Video zinazosambaa kwenye simu leo zimefuata mtindo uleule, ila sasa hakuna duka la kurudishia chochote.

Watafiti waliozichunguza video za watoto wachanga hawakuona faida iliyoahidiwa. Mwaka 2007, Chuo Kikuu cha Washington kiliwahoji kwa simu zaidi ya wazazi 1,000. Miongoni mwa watoto wa miezi 8 hadi 16, kila saa moja ya video hizo kwa siku iliambatana na kujua maneno 6 hadi 8 pungufu. Disney ilipinga matokeo hayo, na ni haki kusema kwamba uchunguzi wa namna hiyo hauthibitishi kuwa video ndiyo iliyopunguza maneno. Huenda wazazi wenye shughuli nyingi ndio wanaoziwasha zaidi.

Kwa mzazi, utafiti wa mwaka 2010 ulioongozwa na Judy DeLoache una funzo zaidi. Watoto wa miezi 12 hadi 18 walitazama video ya kufundisha maneno kwa mwezi mmoja. Mwishoni hawakujua maneno mengi kuliko watoto ambao hawakuiona kabisa. Waliofanya vizuri zaidi ni wale ambao wazazi wao walipewa orodha ya maneno hayo na kuyatumia nyumbani kwa njia zao wenyewe, bila video. Tena wazazi walioipenda video ndio walioamini kwamba mtoto wao amejifunza mengi kutokana nayo, hata pale ambapo hakujifunza. Kwa hiyo mzazi anaposema "mimi nimeona inamsaidia," anasema anachokiamini, lakini ushahidi huo una udhaifu wake.

Sababu inaeleweka. Mtoto mchanga hujifunza lugha kutoka kwa mtu anayemtazama na kumwitikia. Mwaka 2003, Patricia Kuhl na wenzake waliwachukua watoto Wamarekani wa miezi tisa na kuwapa vikao 12 vya Kichina. Waliozungumziwa na kuchezewa na mtu ana kwa ana walianza kutofautisha sauti za lugha hiyo. Waliopewa mtu yuleyule kwenye runinga hawakupata kitu. Simu haimsubiri mtoto akiguna, wala haifuati kidole chake anapoonyesha kuku. Haijui pia kwamba katika Ekegusii "baba" ni mama na "tata" ndiye baba, jambo ambalo mtoto wa hapa hulijua kabla hajaweza kutembea vizuri.

Kisii yenyewe imo katika historia ya masuala haya. Robert LeVine na wenzake walikuja kuwachunguza watoto wachanga wa Abagusii kati ya 1974 na 1976, wakawalinganisha na watoto wa mjini Boston. Akina mama wa hapa walibeba watoto wao zaidi na kuitikia kilio upesi, lakini waliwazungumzisha kidogo kuliko wenzao wa Boston. Hilo halikumfanya mtoto akose mazungumzo. Alikuwapo omoreri, dada au kaka mdogo aliyepewa kazi ya kumbeba, kumwimbia na kumchezesha mama akiwa shambani.

Leo omoreri yuko darasani, na ndivyo inavyopaswa kuwa, hasa tangu elimu ya msingi bila malipo ilipoanza mwaka 2003. Katika nyumba nyingi, nafasi aliyoiacha mchana imejazwa na simu. Hapo ndipo penye hasara, wala kosa si la Mozart. Muziki wake unaopigwa redioni mama akimenya ndizi huku akizungumza na mtoto hauna ubaya wowote, sawa na benga au nyimbo za kanisani. Tatizo ni saa ambazo hakuna anayesema na mtoto.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2019 unashauri mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na haupendekezi skrini kwa mtoto wa mwaka mmoja pia. Kuanzia miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Mama mwenye kazi shambani na asiye na msaidizi anaweza kuuona mwongozo huo kuwa wa watu wenye nafasi. Hata hivyo mazungumzo hayahitaji muda wa ziada. Mtoto aliye mgongoni anaweza kutajiwa majani ya chai yanapochunwa, sufuria inaposuguliwa, au jina la jirani anayepita, kwa Ekegusii au Kiswahili, lugha yoyote ambayo mzazi anaizungumza kwa raha. Akitoa sauti, aitikiwe.

Mtoto wa miezi sita asiyegeuka anaposikia sauti, wa mwaka mmoja asiyetoa sauti za kubwabwaja, au wa mwaka mmoja na nusu asiye na neno hata moja, apelekwe zahanati au kituo cha afya bila kusubiri tarehe ya chanjo inayofuata. Mzazi abebe Kijitabu cha Mama na Mtoto, ambacho kina kurasa za hatua za ukuaji, na amwombe mhudumu azipitie pamoja naye. Aliye mbali na kituo anaweza kuanza kwa kuzungumza na mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chake.