Anayetaka kuacha pombe atafute wenzake pande zote mbili za mpaka

VITUO vya pamoja vya huduma mpakani vimepunguza foleni, lakini havijamaliza kusubiri. Iwe Namanga, Busia, Mutukula au Rusumo, mzigo ukikwama kwa hati moja iliyokosewa, mwenye mali hana la kufanya ila kukaa. Mfukoni ana fedha ya ushuru, nyumbani ni mbali, na baa iko hatua chache kutoka yanapoegeshwa malori. Kwa wengi ni chupa moja ya kupoza koo. Kwa aliyekwisha kuwa mraibu, huo ndio mlango unaopitia mtaji.

Biashara ya mpakani huendeshwa kwa kuaminiana: mali kauli, fedha za kutumwa, mzigo wa jirani kwenye lori la mwingine. Anayejulikana kuwa hawezi kupita baa akiwa na fedha za watu atasalimiwa kama kawaida, ila mali hapewi. Ndiyo maana wengi huficha. Anayeficha hunywa peke yake, na hujaribu kuacha peke yake. Jumatatu ameacha, Alhamisi amerudia.

Njia inayotumika leo katika nchi nyingi duniani ilianza kwa mfanyabiashara aliyekwama ugenini. Mei 1935, Bill Wilson, mtu wa soko la hisa la New York, alikuwa mjini Akron, Ohio, nchini Marekani, akifuatilia mpango wa kuitwaa kampuni moja. Mpango ulivunjika. Alikuwa na miezi mitano tu tangu aache pombe, na akiwa hotelini alisikia baa ikichangamka. Alikwenda kwenye simu, akaanza kuwapigia viongozi wa dini wa mji ule akitafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye.

Hatimaye aliunganishwa na Dk. Bob Smith, daktari wa upasuaji aliyeshindwa kuacha kwa miaka mingi. Daktari alikubali kumpa dakika 15, wakazungumza kwa saa kadhaa hadi usiku. Dk. Smith alikunywa mara ya mwisho Juni 10, 1935, na siku hiyo ndiyo huhesabiwa kuwa mwanzo wa Alcoholics Anonymous, yaani walevi wasiotajwa majina, au AA kwa kifupi.

Wilson alimtafuta mwenzake kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa karibu kuanguka. Ndivyo vikundi hivi vinavyofanya kazi hadi leo: anayesaidia naye anajisaidia. Mwaka 2020, mapitio ya tafiti 27 zilizohusisha watu zaidi ya 10,000, yaliyochapishwa na Cochrane, yalionyesha kuwa programu za kuwaingiza wagonjwa AA zikiendeshwa kwa utaratibu huwawezesha wengi kukaa bila pombe kuliko baadhi ya tiba nyingine zinazotambulika.

Aliyezoea vikoba au chama hatapotea kwenye kikao. Kila mmoja huzungumza kwa zamu, wengine husikiliza. Mgeni anaweza kumwomba aliyetangulia awe kama mdhamini wake, mtu wa kumpigia simu hamu inapomshika. Sharti la kujiunga ni moja: nia ya kuacha kunywa. Hakuna kiingilio wala ada, michango ni ya hiari. Watu hujitambulisha kwa jina la kwanza, na yanayosemwa hubaki palepale. Anayedai fedha ya uanachama au kuuza dawa kikaoni akimbiwe.

Kuna pa kuanzia. Kenya, mamlaka ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, NACADA, hupokea simu bila malipo kwa namba 1192. Tanzania kuna nyumba za upataji nafuu, ambazo wengi huziita soba hausi. Hospitali za afya ya akili za Mirembe jijini Dodoma, Mathari jijini Nairobi, Butabika jijini Kampala na Ndera jijini Kigali nazo ni mahali pa kuuliza.

Mfanyabiashara anayevuka mpaka ana nafasi ambayo mkazi wa mji mmoja hana. Akiona haya kukutana na wateja wake kwenye kikao cha kwao, anaweza kuanza na cha ng'ambo, ambako hafahamiki. Baadaye atahitaji vyote viwili, kwa kuwa hamu ya pombe haisimami forodhani. Siku za njiani kuna vikao vinavyofanyika kwa simu kupitia intaneti. Pasipo na kikundi, watu wawili au watatu waliokusudia kuacha wanatosha kukianzisha.

Tahadhari moja ni ya lazima. Aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu asiache ghafla bila kumwona daktari. Kutetemeka, degedege na kuona vitu visivyokuwepo huweza kumfika ndani ya siku chache, na huweza kuua. Kikundi hakichukui nafasi ya hospitali. Aanze kwa daktari, kisha kabla ya safari ijayo awe na namba mbili kwenye simu yake: ya mwenzake wa upande huu, na ya mwenzake wa upande ule.